Nyumba ya Ghorofa Tatu, Bwawa Kina cha Kidole

Simu ilikuwa inatembea. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ile, kabla sijasikia mlio wowote. Ilikuwa imelazwa juu ya meza ya kazi, inatetemeka, na kila ikitetemeka inasogea kidogo, inasogea tena, inalielekea bakuli la gundi kama mlevi anayeuelekea mtaro.

Nikaidaka ukingoni.

Mliokuwa nami juma lililopita mnakumbuka tulipoachana. Dada Su-chu, binti wa Mzee Huo-wang, ameshuka na treni kutoka Taipei, amesimama katikati ya duka, ametoa hukumu: "Kesho alasiri ngoma ya hekalu ikilia kufungua mwezi wa saba, mwezi wa waliotangulia, na hiyo tovuti yenu haijaleta mteja wa kweli hata mmoja, duka linafungwa. Anapangishwa muuza chai."

Na leo ndiyo hiyo kesho.

Kwa msomaji mgeni, nisikuache nje mlangoni. Duka letu lipo Tainan, kusini mwa Taiwan, kwenye uchochoro ulio nyuma ya hekalu. Tunajenga nyumba za mianzi na karatasi. Familia inazichoma, na moshi unampelekea aliyetangulia makao mapya huko aliko. Mzee Huo-wang ndiye fundi. Mimi ni A-Chin, msaidizi wake. Nimekulia juu ya lori la waigizaji wa hekaluni, na shule niliiacha darasa la nne kwa sababu lori halikuwahi kukaa mji mmoja muhula mzima. Nina miaka sita dukani, na maneno niliyosema humo ukiyakusanya hayajazi kikombe.

Tovuti ametutengenezea Po-yen, kijana ambaye kazi yake ya kila siku ni tovuti za studio za picha za harusi. Mnaoniandikia kuuliza kama ana mchumba, tulizeni mioyo. Leo tuna moto mwingine wa kuzima.

"Mzee! Simu!" nilitaka kupiga kelele. Sauti ikatoka ya panya.

Mzee akaja mbio na ndara mguu mmoja. Tukaikodolea macho. Ujumbe ulikuwa unapanda juu ya ujumbe kama sisimizi juu ya sukari.

"Wateja!" akanong'ona. "A-Chin, wateja! Su-chu, acha hiyo tepu!"

Maana dada Su-chu alikuwa ukutani, anapima friji la chai litakaa wapi.

"Pokea kwanza, baba," akajibu bila kugeuka. "Tusikie."

Simu ikaanza kuita. Mzee hasikii vizuri sikio la kulia, basi huongea kwa kipaza sauti, na mtaa mzima hujua mambo yetu.

"Haloo! Duka la Huo-wang!"

Ikaja sauti ya msichana, nyororo, yenye haraka. "Baba, shikamoo. Nimeona nyumba yenu kwenye tovuti. Ile ya ghorofa tatu yenye bwawa. Bado ipo?"

"Ipo! Na ikiondoka tunajenga nyingine."

"Jamani! Na ni elfu kumi na tano kweli?"

"Kweli kabisa. Na dereva ndani yake."

"Na dereva?"

"Na watumishi wawili. Hawali, hawalali, hawanung'uniki."

Tukasikia msichana anamwita mtu pembeni: "Mume wangu, njoo! Njoo usikie!" Kisha akarudi. "Baba, bwawa lina kina gani? Huyu wangu hajui kuogelea."

Mzee akanitazama. Nikainua kidole changu cha shahada.

"Kina cha kidole," akasema Mzee.

"Aa, la watoto. Afadhali. Na iko mtaa gani?"

"Mtaa wowote mnaotaka. Tunaileta na lori."

"Mnaileta... nyumba?"

"Mpaka mlangoni. Mvua ikinyesha tunaifunika nailoni."

Kisha msichana, kwa sauti ya mtu ambaye bahati imemzidi kimo: "Sasa tunaweza kuhamia lini?"

Niliuona uso wa Mzee ukipauka kuanzia kidevuni kwenda juu.

"Nani anahamia?"

"Mimi na mume wangu. Tumeoana mwezi jana tu."

"Binti yangu," Mzee akasema, akaisogeza simu karibu na mdomo, "msifanye haraka. Nakuomba. Bado mna miaka mingi. Amekuudhi? Kaeni mzungumze. Mmekula? Kuleni kwanza, mambo yote huonekana mabaya kabla ya uji."

"Tumechoka kukaa kwa mama mkwe, baba."

"Hata mimi nilikaa kwa mama mkwe! Mtu haondoki duniani kwa ajili ya mama mkwe!"

"Baba, mbona sikuelewi? Tukija leo kuiona, tutapewa funguo?"

"Funguo zipo. Za karatasi. Mkishamaliza kusali mnazichoma pamoja na nyumba."

"Tunachoma nini?"

"Nyumba."

Simu ikakatika.

Dada Su-chu aliiachia tepu. Ikajikunja kwa kishindo, na yeye akajikunja nayo, akacheka mpaka akashika ukuta. "Wanataka kupanga! Baba, wanataka kupanga nyumba yako! Wanataka kulala ndani!"

Mimi nilikuwa nimeanza kusoma ujumbe. Nasoma polepole, lakini nafika. Mmoja aliuliza kama paka anaruhusiwa. Mwingine, umeme analipa nani. Wa tatu alitaka kujua kama kuna nafasi ya kuegesha pikipiki mbili, na kama majirani ni watu wa kelele.

"Mwambie majirani wametulia sana," akasema dada Su-chu, akafuta machozi.

Mlangoni pikipiki ikafunga breki. Po-yen huyo! Kofia ya pikipiki bado kichwani, mfuko wa chapati za mayai mkononi, tabasamu limefika masikioni.

"Mmeona? Mmeona? Watu mia tatu wameitazama ile picha tangu jana! Mzee, wewe ni maarufu!"

"Njoo hapa, maarufu," Mzee akamwambia. "Umeandika nini kwenye hiyo tovuti?"

"Ulichoniambia."

"Nilikwambia uandike watu waulizie nyumba ya kupanga?"

"Mzee wangu!" Po-yen akavua kofia. Nywele zilikuwa zimesimama upande mmoja. "Ulisema nisitaje kifo, ni mkosi. Nisitaje marehemu. Nisitaje jeneza. Nisitaje mazishi. Nisitaje moto, usije ukashika duka. Nikafuta, nikafuta, nikafuta. Nikabaki na nyumba!"

Nani angemlaumu? Katika kazi yetu lile neno halitajwi. Wateja wenyewe hawalitaji. Huingia, husema, "Bibi amehama," nasi huuliza, "Alivaa viatu namba ngapi?" na tumeelewana. Lakini mtu wa nyuma ya simu, huko mjini Kaohsiung, ataelewaje? Ameona jumba jeupe, mapazia ya buluu, gari jeusi uani. Po-yen alilipiga picha kwa chini, jua la asubuhi likipita katikati ya madirisha. Hata mimi niliyeyabandika yale madirisha nilitamani kuingia.

"Basi," dada Su-chu akasema, akaifungua tepu upya. "Hao si wateja. Mimi na baba tulikubaliana mteja wa kweli. Chai, friji, dirisha la kuuzia hapa."

"Bado mchana mchanga!" Po-yen akapaza sauti.

"Na mimi bado kijana," Su-chu akamjibu. "Vyote vinaisha."

Po-yen akaja upande wangu, akashusha sauti. "A-Chin, tusome wote. Lazima mmoja wao awe wa kweli."

Tukasoma, vichwa vimekaribiana, chapati za mayai zinapoa. Paka. Maegesho. Mbwa wawili. Mwanamke wa Hsinchu anayetaka kujua kama yule dereva ameoa. Tulicheka mpaka Po-yen akapaliwa. Nami nikacheka kwa sauti, jambo ambalo Mzee aligeuka kuliangalia, kama mtu aliyesikia kabati likiimba.

Kisha kidole changu kikasimama.

Ujumbe ulisema: *Mama ametangulia tangu Jumapili. Nimeona picha ya jikoni. Kile kigoda kidogo kando ya jiko. Nataka nyumba yenye kigoda hicho. Mimi ni Ko Yin-hua, nafuga samaki.*

"Po-yen."

"Naam?"

"Huyu."

Akasoma. Akaruka juu. Akampa Mzee mkono, akampa Su-chu mkono, akampa mkono mtumishi mmoja wa karatasi. "Mteja wa kweli! Wa kweli kabisa! Ndugu zangu, tumepona!"

Mzee alikuwa ameshafunga vifungo vya shati kumheshimu mteja ambaye hakuwepo. Hata Su-chu alishusha tepu.

Mimi tu ndiye niliyekuwa bado natazama simu. Chini ya ujumbe wa Ko Yin-hua palikuwa na ujumbe mwingine. Umetoka kwetu.

"Po-yen. Nani amemjibu?"

"Tovuti. Inajibu yenyewe, mteja asikae akingoja. Ndiyo uzuri wake."

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

Nilimwona anakumbuka. Ni jambo la kutisha kumtazama mtu anakumbuka. Damu ilimshuka usoni kama maji kwenye sinki.

"Studio ya harusi," akasema. "Niliyanakili. Nikasahau kuyabadilisha."

Mzee aliinyakua simu, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno:

"*Hongera kwa siku yenu kubwa! Tunafurahi pamoja nanyi! Asanteni kwa kutuchagua. Karibuni tena hivi karibuni, na muwalete ndugu wote!*"

Su-chu akajiziba mdomo kwa kiganja.

Sisi watu wa karatasi hata "kwaheri ya kuonana" hatusemi. Mteja akitoka tunainamisha kichwa, basi. Umwambie mfiwa arudi tena? Ina maana umemwombea msiba wa pili. Na sisi tulikuwa tumemwombea ukoo mzima!

Mzee akakalia fungu la mianzi. "Miaka arobaini," akasema. "Miaka arobaini sijamwambia mtu karibu tena."

Simu ikatetemeka. Ujumbe mpya, kutoka kwa Ko Yin-hua. Mfupi.

*Nipo njiani. Nataka kumwona aliyeniandikia.*

Sasa pakawa na mambo! Po-yen akataka kuondoka, akataka kubaki, akavaa kofia, akaivua. Su-chu akasema polisi waitwe. Mzee akasema hekalu liitwe. Mimi nilichukua ufagio nikafagia mahali palipokuwa pasafi.

Gari la barafu likasimama nje, linavuja maji. Akashuka mama mmoja mfupi, mpana, viatu vya mpira mpaka magotini, kitambaa cheusi cha msiba kimebanwa begani kwa pini. Mkono wa kulia ameshika kisu.

Mzee akajificha nyuma ya jumba la karatasi. Huyo mzee wangu!

"Nani kaniandikia hongera?" mama yule akauliza.

Tepu ya Su-chu ilijikunja yenyewe taratibu, trrrr.

"Nimeuliza. Nimemfukiza mama yangu ubani nikalala, nikaamka, nikaandika maneno ambayo sikuweza hata kumwambia mume wangu, nikajibiwa hongera na nilete ndugu wote. Nani huyo? Nimletee ndugu mmoja mmoja au niwalete kwa pamoja?"

Po-yen akapiga hatua mbele. Sifa yake nimpe: kisu alikiona, lakini alipiga hatua mbele.

"Ni mimi, mama. Kosa ni langu peke yangu. Nakuomba radhi kwa moyo wote."

Akainama. Akainama chini sana, kama anavyostahili kuinama mtu wa kosa kama lile, akasahau kwamba mbele yake kuna jumba la ghorofa tatu. Kichwa kikapita ukutani. Mabega yakafuata. Karatasi ikachanika krrraaa, mianzi ikalia, na Po-yen akazama ndani mpaka kiunoni. Sauti yake ikatoka dirisha la ghorofa ya pili:

"Samahani sana, mama!"

Na upande wa pili wa jumba, mlango mdogo wa mbele ukafunguka wenyewe, na humo ndani yakaonekana macho mawili ya Mzee Huo-wang yanachungulia.

Mama Ko aliyatazama yale macho. Akaitazama miguu ya Po-yen inayopiga hewa. Akakitazama kisu mkononi mwake, kama ndiyo kwanza anakiona.

"Nilikuwa napara samaki," akasema. "Nimesahau kukiweka."

Kisha akacheka. Kicheko kilianzia mbali, huko kwenye viatu vya mpira, kikapanda, kikamtikisa mabega, akalazimika kukishusha kisu juu ya meza na kushika ukingo. Alicheka akisema, "Mama! Mama, unaona? Unaona watu hawa?" Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na machozi yakamshuka, naye hakuyafuta.

Wote tulisimama kama sanamu zetu wenyewe. Mzee hana neno. Su-chu hana neno. Po-yen anayo mengi, lakini yako ghorofa ya pili.

Nami niliyaona machozi yale, na mdomo wangu ukafunguka bila kuniuliza.

"Mama yako alipenda kukaa wapi?"

Akageuka. "Nani kasema?"

"Mimi."

"We mtoto, sema kwa nguvu."

"Nyumbani. Alipenda kukaa wapi?"

Akavuta kamasi. Akavuta na kiti. "Jikoni. Kwenye kigoda. Amepara samaki juu ya kigoda tangu hajaolewa. Nimemnunulia kochi, akaweka mifuko juu yake. Nimemnunulia kiti cha kukandwa mgongo, akasema kinamtekenya. Kigoda tu. Nilipokiona kwenye picha yenu..." Akavuta kamasi tena. "Nyie mmejuaje?"

"Mama yangu alikuwa na kigoda," nikasema. "Alikikalia akijipaka rangi ya uso kabla ya mchezo. Nikaona jikoni bila kigoda hapajakamilika."

Akaniangalia. Kisha akalitazama jumba, akaanza kukasirika upya, lakini sasa kwa hasira ya mnunuzi, ile tamu.

"Lakini ghorofa tatu! Mama ana magoti mabovu. Mtampandishaje?"

"Tutaweka lifti," nikasema.

"Lifti ya karatasi haina umeme!" Mzee akafoka kutoka nyuma ya jumba. Ufundi ulimtoa mafichoni.

"Basi wekeni jenereta!" Mama Ko akamfokea.

"Jenereta lina moshi, atakohoa!"

"Alivuta sigara miaka hamsini, moshi ndio utamkohoza?"

"Na nani atalitia mafuta?"

"Dereva!" wakasema wote wawili kwa pamoja, wakatazamana.

Po-yen, ambaye Su-chu alikuwa anamvuta kwa miguu, akatoka na utepe wa pazia la buluu sikioni. "Au nyumba ya chini tu," akasema. "Isiyo na ngazi. Jiko kubwa, mlango mpana, bwawa la samaki badala ya la kuogelea."

Mama Ko akapiga paja.

"Bwawa la samaki! Huyu mtoto wa hongera ana akili! Na samaki ndani, wanene. Na taa, maana usiku anapenda kuwahesabu."

"Na kisu," nikasema.

"Na kisu," akasema, sauti ikamlegea. "Kikali."

Mzee alikuwa ameshachukua mwanzi, anaupima kwa jicho. Po-yen alikuwa ameshakaa sakafuni na tarakilishi yake magotini, anafuta hongera zote, na mahali pake anaandika swali moja tu kwa kila anayeulizia: *Alipenda kukaa wapi?* Akaacha picha ya jumba, lakini mbele yake akaweka picha ya jikoni, na chini yake akaandika, baada ya kubishana na Mzee kwa kelele, kwamba nyumba hizi hujengwa kwa ajili ya wapendwa waliotangulia. Mzee alifumba macho wakati neno hilo la mwisho linaandikwa, kama mtu anayechomwa sindano.

Tulipima na kubishana mpaka alasiri, ndipo ngoma ya hekalu ikalia. Duum. Duum. Lango la kuzimu limefunguliwa, ndugu wema wa ng'ambo, ndio waliotangulia, wameanza kutoka kutembea duniani mwezi mzima, na sisi tuna mteja wa kweli amekaa kwenye kiti chetu!

Po-yen akapiga yowe. Akanishika mikono yote miwili, akanizungusha. Gundi ikamwagika. Mama Ko akapiga makofi. Mimi miguu yangu sijui ilikuwa wapi, labda hewani.

"Dada Su-chu!" Po-yen akasema. "Umeshindwa! Kunja tepu!"

Su-chu aliikunja. Lakini hakuwa na uso wa mtu aliyeshindwa. Alimtazama baba yake, na baba yake akatazama sakafu.

Mama Ko alikuwa amesimama, anachukua kisu chake. "Tutaichoma siku ya arobaini na tisa tangu atangulie, ndiyo desturi. Kabla ya hapo nitakuja kuikagua, nitapiga simu kila siku, mimi ni msumbufu. Nitampigia nani? Nani atakuwepo hapa?"

Swali dogo. Mzee akaurudia mwanzi wake, akaupima upya.

"Baba," Su-chu akasema taratibu. "Waambie. Au nitawaambia mimi."

"Utuambie nini?" Po-yen akauliza.

Mzee akauweka mwanzi chini. Aliuweka polepole, nami nikaona vidole vyake vilivyokakamaa, na nikaelewa kwa nini siku hizi kona zote za paa ananiachia mimi.

"Su-chu hakuja kwa shari yake," akasema. "Mimi ndiye niliyemwita. Mimi ndiye niliyemwambia apime ukuta, na sharti la mteja tulilitunga wawili, isionekane mimi ndiye ninayefunga."

Mikono ya Po-yen ikaniachia.

"Hata waje wateja mia, mimi nimechoka, wanangu. Nataka kwenda Taipei nikae na wajukuu, niwaharibu kwa peremende. Nyumba hii moja nitaimaliza. Baada yake, basi."

"Na tovuti?" Po-yen akasema. "Watu wanaulizia! Tazama, wawili wapya, wa kweli hawa!"

"Tovuti nilikubali kwa sababu ulikuwa na furaha nayo. Na kwa sababu..." Akanigeukia. Macho yake ni madogo, yamezungukwa na mikunjo, na sikuwahi kuyaona yana haya. "A-Chin, miaka sita umekaa hapa. Kila siku nikidhani unakaa kwa kunionea huruma, mzee asiye na mtu wa kumshikia ngazi. Nikasema nikifunga duka, mtoto huyu atapata ruhusa ya kwenda zake. Maana hujawahi kusema kama unaipenda kazi hii. Hujawahi kusema kitu."

Kweli. Sikuwahi.

"Muuza chai anangoja jibu leo," Su-chu akasema, simu yake mkononi, kidole juu ya kitufe. Hakusema kwa ukali. "A-Chin, mdogo wangu, kama kuna la kusema, ndiyo dakika yake. Nimpigie?"

Wote waliniangalia. Mama Ko na kisu chake, Po-yen na utepe wake sikioni, Mzee.

Nilifungua mdomo. Neno likakwama pale pale lilipozoea kukwama. Nikalimeza, likarudi. Nikaushika ukingo wa meza, nikalisema kwa sauti ambayo hata sikio la kulia la Mzee lililisikia:

"Usimpigie. Duka nalitaka mimi, Mzee. Nimelitaka tangu siku ya kwanza."